Mji Tuliutoa, Jibu Hatukulipata

Hotuba kwa vijana wachoraji na watunzi wa katuni, Majengo, Moshi

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama mwenyekiti, asante sana kwa kunikaribisha. Wadogo zangu, mambo vipi? Mliobanana pale mlangoni ingieni tu, hapa mbele kuna mkeka, na soda zitawafuata hukuhuku.

Barua niliyoletewa inasema nizungumzie utunzi wa hadithi za mafumbo. Mimi si mwalimu wa fasihi. Mnanijua, nahariri video: harusi, sendofu, kipaimara, na Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Dar mimi silali. Nikianza kuwasomea kanuni za utunzi mtasinzia, na mimi nitasinzia pamoja nanyi. Kwa hiyo nimekuja na kesi moja tu, tuifungue tuone ilikufa kwa ugonjwa gani. Ni anime, yaani katuni ya video ya Kijapani, inayoitwa The Promised Neverland. Najua wengi wenu mnayo kwenye flashi, mliingiziwa kule stendi, na ambao hamnayo mmeiona kwenye simu ya mwenzenu akiwa amelalamika bando linaisha.

Sizoni ya kwanza ilitoka Januari 2019. Sizoni ya pili ilitoka Januari 2021. Ile ya kwanza naiweka juu kabisa miongoni mwa hadithi za mafumbo nilizoona kwenye katuni. Ile ya pili tutaifikia, msiwe na haraka.

Nawatahadharisha mapema: leo namwaga kila kitu. Nani alikufa, nani alikuwa jasusi, nani ni mama wa nani. Asiyetaka kuharibiwa utamu atoke sasa akanywe chai, hatutamnunia. Naona hakuna anayenyanyuka. Haya.

Kwa ajili ya wazee ambao hawajaiona, hadithi yenyewe ni hii. Kuna nyumba ya kulelea yatima, Grace Field House. Watoto 38, wote wamevaa nguo nyeupe, kila mmoja ana namba imechorwa shingoni. Mlezi ni mwanamke mmoja, Isabella, na wote wanamwita Mama. Wanakula vizuri, wanalala pazuri, wana uwanja wa kukimbizana na msitu wa kujificha. Kila siku wanafanya mtihani. Kila baada ya muda mtoto mmoja anapata familia ya kumchukua, anaagwa kwa machozi na kukumbatiwa, anaondoka, na tangu hapo haandiki barua hata moja. Sheria ni chache: usiende getini, usivuke uzio wa msituni. Wakubwa ni watatu, Emma, Norman na Ray, umri miaka 11, na hao mtihani hawajui kukosa.

Jioni moja anaondoka mtoto mdogo, Conny. Amesahau mdoli wake wa sungura. Emma na Norman wanauchukua, wanakimbia nao getini wamuwahi. Wanakuta lori. Ndani ya lori yumo Conny, amekufa, ua limechomekwa kifuani. Wanajificha chini ya lori, na juu yao yanakuja mazimwi, makubwa, yanazungumza kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani, yanasifu nyama. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya yanakujua, yamekulea kwa miaka 11, na yanakumaliza.

Nyumba ile ni shamba la mifugo. Mama ndiye mfugaji.

Sasa angalieni jambo ambalo mtunzi mwoga asingelithubutu. Siri kubwa kuliko zote imetolewa kwenye episodi ya kwanza. Mwingine angeibana mpaka sizoni iishe, angetupitisha kwenye milango inayolia na vivuli dirishani kwa wiki kumi na mbili, halafu ndiyo atuambie: kumbe wanaliwa! Hawa wameitoa siku ya kwanza, kwa sababu walikuwa na swali jingine nyuma yake lenye makali zaidi. Watoto walipokimbia, mdoli ulibaki chini. Mama ameuokota. Sasa Mama anajua kuna waliofika getini, ila hajui ni akina nani. Watoto wanajua Mama ni nani, ila hawajui Mama anajua nini. Na kesho asubuhi wote watakaa meza moja wanywe uji.

Hapo ndipo fumbo linapoanza kweli. Kuanzia siku hiyo kila tabasamu lina maswali mawili ndani yake.

Nataka mwone kitu kimoja kwa karibu. Episodi ya pili, watoto wanacheza msituni, mmoja mdogo anapotea. Mama anatoa saa yake ya mfukoni, anaiangalia, anaingia msituni kama mtu anayefuata kitu dukani, anarudi na mtoto mkononi. Basi. Hakuna muziki wa kushtua, hakuna mtu anayesema "mmeona ile saa?" Emma na Norman wameona, na wewe kama ulikuwa makini umeona. Kumbe kila mtoto ana kifaa mwilini, na ile saa ndiyo inayoonyesha walipo. Kifaa kipo wapi? Baadaye analetwa mtoto mchanga, Emma anampapasa sikioni, anakuta kovu dogo. Kipo sikioni, la kushoto. Sasa rukeni mpaka usiku wa kutoroka. Nyumba inaungua, Mama anakimbilia kwenye moto kwa sababu saa inamwambia Emma yumo humo. Emma hayumo. Lililomo ni sikio lake. Amelikata mwenyewe.

Saa ile mliionyeshwa mapema kabisa, kweupe, katikati ya mchezo wa watoto. Malipo yake yamekuja mwishoni, na yamekuja kwa damu. Mimi kazini nakata picha kutwa nzima, na nawaambia hilo si jambo la kubahatisha. Kuna mtu alikaa chini akajua tangu mwanzo kwamba saa hii itadai sikio.

Halafu kuna wimbo. Mama ana wimbo anaounguruma taratibu, mdomo umefungwa, akiwa anatembea au anafanya kazi. Unausikia mara ya kwanza unaona ni kibembelezi tu. Ni wimbo aliouunda rafiki yake wa utotoni, mtoto mwenzake waliyelelewa naye shambani, ambaye naye siku moja "alipata familia". Isabella aliuimba akiwa mjamzito. Miaka ikapita, siku moja anamsikia Ray, mtoto mdogo wa pale nyumbani, anauunguruma wimbo uleule ambao hakuna mtu mwingine duniani anayeujua. Hapo amemtambua mtoto wake wa kumzaa. Ray, ambaye ndiye jasusi aliyekuwa akimpelekea Mama habari za wenzake, anamuuliza kwa nini alimzaa. Jibu lake ni fupi na baya: ili aendelee kuishi. Mama anayelea watoto wa kuliwa naye alikuwa mtoto wa kuliwa, na huyu wa kwake mwenyewe yumo kwenye foleni.

Nawaombeni msipite hapo haraka. Ufunguo wa siri nzima uliwekwa kwenye wimbo tuliokuwa tunausikia kila wiki. Mkurugenzi wao, Mamoru Kanbe, na wenzake walifanya uamuzi mgumu: kwenye kitabu cha katuni wahusika wanawaza kwa maneno ukurasa baada ya ukurasa, unasoma kila kilichomo kichwani mwao. Kwenye anime wakayaondoa karibu yote. Tukabaki na nyuso, na sauti ya hatua kwenye ubao, na kamera inayochungulia kutoka kona ya korido. Yaani walitupa kazi ya kufanya. Wengi wetu tunaoanza kutunga tunaogopa kumpa mtazamaji kazi, tunadhani atachoka. Mtazamaji hachoki kwa kazi. Anachoka akifanya kazi halafu asilipwe.

Bibi yangu kule Machame alikuwa akitutegea vitendawili usiku, tukisubiri ndizi ziive. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja wetu anasema kaburi. Bibi anakataa: kaburi lilichimbwa, aliyemo aliingizwa, kwa hiyo mlango ulikuwepo. Mwingine anasema mtungi. Mtungi una mdomo. Tukishindwa anadai mji. Tunampa Moshi, hautaki, anasema huo ni wa jirani. Tunampa Arusha. Tunampa Tanga. Mpaka Mombasa ndipo anakubali, anatamba kidogo jinsi alivyofika huko akala samaki wa kupaka na kupepewa, na sisi tunakereka kwa kusubiri, halafu anasema: yai.

Na ukilisikia "yai" unajipiga paji la uso, maana jibu lilikuwa ndani ya swali muda wote. Kaburi na mtungi, vilivyokuwa vinakaribia kweli, sasa unaona kabisa kwa nini vilikuwa makosa. Lakini sikilizeni sheria ya mchezo ule. Bibi akishapewa mji, hawezi kusema "ngojeni kwanza niwategee kingine". Hawezi pia kusema "jibu mtajua siku nyingine, tulale". Angefanya hivyo mara moja tu, kesho yake asingepata wa kumwambia "tega".

Sizoni ya kwanza iliisha Machi 2019 watoto 15 wakiwa wamevuka lile korongo kwa kamba na viango vya nguo. Phil na wale wadogo kabisa wakabaki, na Emma akaahidi kurudi kuwachukua. Norman alikuwa amepelekwa getini kabla ya hapo. Tulimwona anafunguliwa mlango, anaona kitu ndani, anashangaa, picha ikakata. Ameona nini? Nani anaendesha mashamba haya? Dunia ya watu ipo wapi? Ni nani huyu William Minerva anayeficha maneno ya Morse, yale maandishi ya siri ya nukta na vistari, kwenye nembo ya bundi ndani ya vitabu vya maktaba? Tukatoa mji. Tulitoa mji karibu miaka miwili, maana sizoni ya pili ilipangwa Oktoba 2020, korona ikaisukuma mpaka Januari 2021.

Na majibu yalikuwepo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Manga yenyewe, yaani kile kitabu cha katuni, iliyoandikwa na Kaiu Shirai na kuchorwa na Posuka Demizu, ilianza Agosti 2016 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump na ikafika mwisho Juni 2020. Imekamilika, sura 181, vitabu 20. Sizoni ya kwanza ilitumia sura 37 kwa episodi 12. Fanyeni hesabu, ni kama sura tatu kwa kila episodi, unapata muda wa kutazama saa, wa kusikiliza wimbo. Zikabaki sura 144. Zikapewa episodi 11.

Haziwezi kuenea. Mtoto wa darasa la tatu anajua haziwezi kuenea. Ungedhani basi watachukua kipande kimoja wakipike vizuri, kilichobaki kisubiri. Wakaamua kufika mwisho wa hadithi yote kwa njia ya mkato.

Kwenye kitabu, watoto wanapofika kwenye handaki walilokuwa wakilitafuta, wanamkuta mtu mzima ndani. Anaitwa Yuugo. Naye alitoroka shamba akiwa mtoto, na wenzake alitoroka nao. Sasa amebaki peke yake, nusu mwendawazimu, hataki kuona mtoto yeyote anayemkumbusha. Huyo ndiye jibu la swali ambalo Emma hakuthubutu kujiuliza: itakuwaje kama nitawatoa wote halafu nisiweze kuwalinda? Amesimama mbele yake, ana ndevu, ameshika bunduki. Kwenye sizoni ya pili handaki ni tupu. Yuugo hayupo. Na Goldy Pond, uwanja ambao mazimwi ya ukoo mkubwa yanawinda watoto kwa starehe, sehemu ambayo wasomaji wa manga waliisubiri kuliko zote, haipo kabisa. Imerukwa kama mtu anavyoruka dimbwi la maji barabarani.

Ukimwondoa Yuugo hujaondoa mhusika mmoja. Umeondoa bei. Sizoni ya kwanza kila kitu kilikuwa na bei: ukitaka kujua, utaonekana, ukitaka kutoka, utaacha sikio, ukitaka kuwaokoa wakubwa, utawaacha wadogo. Sizoni ya pili vitu vinatolewa bure. Wanahitaji pa kujificha, pamepatikana. Wanahitaji kuelewa mazimwi, wanakutana na mawili yenye huruma yanawaeleza. Norman, ambaye tulimlilia, anatokea katikati ya sizoni, mzima, amevaa vizuri, tayari ni kiongozi wa kundi, na habari za alikokuwa tunasimuliwa kwa maneno machache kama mtu anayekwambia safari ya basi ilikuwaje. Lile swali la mlango uliofunguka, lililotukosesha usingizi tangu 2019, limelipwa kwa maelezo ya mdomo.

Mnafahamu kule kwenye vibanda umiza steringi hafi. Tunajua, tumekubali, tunalipia hivyo hivyo. Lakini hata huko steringi lazima apigwe kwanza. Lazima achanike shati.

Isabella naye. Mwanamke tuliyemwogopa kuliko zimwi lolote, mwenye saa na wimbo na tabasamu, anageuka upande wa watoto mwishoni, yeye na walezi wenzake. Sipingi kugeuka kwake, hata kwenye manga aligeuka. Ila mtu wa namna ile hageuki kwa dakika chache katikati ya purukushani. Nilitaka nimwone akikaa peke yake na ile saa mkononi kabla hajaamua. Tungemsamehe. Badala yake tumearifiwa tu kwamba amesamehewa.

Na sasa niwaambie kuhusu episodi ya mwisho, na hapa nazungumza kama mtu wa fani. Watoto wanafikia lango la kwenda dunia ya watu. Wadogo wanapita. Emma anabaki nyuma na baadhi ya wenzake wakamalize kazi: wakakomboe mashamba mengine, wakapambane na ukoo wa mazimwi, wakafunge mkataba mpya kati ya dunia mbili. Kazi hiyo, kwenye manga, ni vitabu na vitabu. Kwenye anime ni picha za mnato. Picha, muziki, picha nyingine, muziki unapanda, Emma amesimama mbele ya kiumbe cha ajabu, picha imeyeyuka, wamekaa farasi, imeyeyuka, halafu wote wamekutana tena wanakumbatiana.

Hiyo kitu naifahamu. Ndiyo ninayoiweka mwisho wa DVD ya harusi. Bibi harusi na mashangazi, bwana harusi na wajomba, keki, kamati ya maandalizi, wimbo wa taratibu chini yake. Watu wanaipenda kwa sababu walikuwepo ukumbini. Kila picha inawakumbusha kitu walichokiona kwa macho. Na siri ya kazi, tusemezane sisi kwa sisi: tunaiweka pia pale ambapo mpiga picha alichelewa na video haipo. The Promised Neverland walituwekea picha za harusi ambayo hatukualikwa. Ningewaonyesha wateja wangu wa Kiborlon kitu hicho wangenidai chenji.

Kuna watu wanasema, tatizo ni la anime kufuata vitabu, afadhali hadithi itungwe upya kwa ajili ya skrini. Mama mwenyekiti, naomba dakika chache kwa hilo, maana Mungu alituletea mfano wa upande wa pili mwezi huohuo. Studio iliyotengeneza Neverland inaitwa CloverWorks. Januari 2021 studio hiyohiyo ilirusha kazi nyingine, Wonder Egg Priority. Hiyo haina manga nyuma yake. Imeandikwa na Shinji Nojima, mwandishi mzoefu wa tamthilia za televisheni, na ilikuwa anime yake ya kwanza. Kwa uchoraji ni nzuri kupita Neverland. Nimesitisha picha zake mara nyingi kuangalia mikono tu ilivyochorwa.

Inamhusu Ai, binti wa miaka 14 aliyeacha kwenda shule baada ya rafiki yake Koito kufariki kwa kuanguka kutoka juu ya paa la shule. Usiku Ai anaingia ulimwengu wa ndoto, anapasua yai, anatoka binti mwingine aliyeumizwa na maisha, na Ai inabidi amlinde. Swali liko moja na ni zito: nini kilimpata Koito? Jambo la namna hiyo, la mtoto aliyekufa, ukiligusa umejifunga. Huwezi kuligusa kisha ukaliacha.

Wakaligusa. Kisha, kila tulipokaribia jibu, kikafunguliwa kitu kingine. Mara wanaume wawili wenye miili ya sanamu, wanaomwongoza Ai kwenye kazi ile, wana siri yao. Mara, karibu na mwisho kabisa, tunaletewa binti wa kutengenezwa aitwaye Frill na hadithi yake ndefu ya nyuma. Ratiba nayo ikawabana, episodi ya nane ikawa marudio ya zilizopita, na hadithi haikuisha ndani ya muda wake. Tukaambiwa subirini kipindi maalumu mwishoni mwa Juni. Tukasubiri. Sehemu kubwa ya mwanzo ya kipindi hicho ilikuwa, tena, marudio. Na jibu la Koito, tulilolisubiri tangu Januari, lilipita kwa maneno machache, haraka, na huku maswali mengine yakiachwa wazi na Ai akikimbia kuelekea jambo jipya.

Kwa hiyo mmoja alikuwa na majibu yote kitabuni akayaruka. Mwingine hakuwa na kitabu, akawa anatega kitendawili juu ya kitendawili. Nikiwaangalia wote wawili naona ugonjwa ni mmoja: pale swali la zamani lilipodai kulipwa, waligeukia kitu kingine. Neverland iligeukia mwisho. Wonder Egg iligeukia swali jipya.

Kuna kisa cha kibiashara hapo, na ni haki kukisema. Anime ya televisheni haitengenezwi na studio peke yake. Fedha inatoka kwa kamati ya makampuni, muda unanunuliwa kwenye kituo, na muda huo ni robo ya mwaka, episodi 11 mpaka 13 hivi. Neverland ilirushwa kwenye noitaminA, ukumbi wa usiku wa Fuji TV, na hapo 11 au 12 ndiyo kawaida. Ukifika kwenye hesabu ya sura 144 na nafasi 11, anayeamua si mchoraji. Mchoraji anachora alichopewa, usiku kucha. Kwa hiyo mkisikia mtu anawatukana wachoraji wa CloverWorks, mwambieni atulie.

Lakini pia Wajapani haohao wanajua njia nyingine. Monster, ya Naoki Urasawa, daktari Tenma aliyeokoa maisha ya mtoto kule Düsseldorf, Ujerumani, na miaka baadaye akagundua aliyemwokoa ni muuaji. Manga ina sura 162. Studio Madhouse wakaipa episodi 74, kuanzia Aprili 2004 mpaka Septemba 2005. Sura mbili kwa episodi, na kidogo juu. Kuna episodi nzima Tenma hayumo, tunakaa na mzee mmoja asiye na umuhimu wowote, halafu unagundua umuhimu wake. Inachosha? Mahali fulani inachosha, ndiyo. Hakuna aliyewahi kuniambia haikujibu.

Na kwetu hapa, kwa Kiswahili, wazee mnamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, yule mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1960. Wadogo zangu, kabla hamjaiga Japani nzima, kitafuteni.

Sasa niwaguse ninyi wenyewe. Mama mwenyekiti alinipa kazi zenu nizisome, na nimezisoma. Mchoro mna, jamani. Kuna mmoja kachora soko la Mbuyuni asubuhi na mapema, akina mama wanashusha ndizi, ukungu bado upo, nikaisikia mpaka harufu. Lakini hadithi za mafumbo nilizozikuta humo karibu zote zina mtu mwenye kofia nyeusi. Ukurasa wa pili anaonekana. Wa tano anaonekana tena kwa mbali. Wa nane anaacha barua. Wa kumi na mbili barua ina alama. Nikageuza ukurasa wa mwisho kumtafuta, nikakuta imeandikwa "itaendelea". Nikawapigia simu baadhi yenu nikauliza, mdogo wangu, yule mwenye kofia ni nani? Mmoja akanijibu kwa uaminifu kabisa: "Bado sijaamua."

Hapana. Amua kwanza. Amua hata kama utabadilisha baadaye, uwe na jina lake kwenye karatasi kabla ya kuchora kofia. Yule mtunzi wa Neverland alipoweka saa mkononi mwa Isabella alijua ni ya nini, na ndiyo maana angeweza kuionyesha mchana kweupe bila wasiwasi. Ukishajua jibu, unapata ujasiri wa kulionyesha. Usipojua ndipo unapoanza kuweka ukungu, na vivuli, na milango inayolia.

Na msikimbilie urefu. Kurasa 20 zenye swali moja lililojibiwa zinatosha kunifanya nirudi kununua za pili. Mwenye soko la Mbuyuni, nazungumza na wewe. Huhitaji mtu wa kofia. Una mama mmoja pale pembeni ya mchoro wako hauzi kitu, amesimama tu anaangalia lori. Sijui kama ulimchora kwa makusudi. Nimemwangalia sana. Nani amemleta? Anamsubiri nani? Anzia hapo.

Kuna kijana ameninong'oneza kabla sijapanda hapa, kauliza: sasa sizoni ya pili nitazame au nisitazame? Mimi nasema tazama ya kwanza mpaka watoto wanavuka korongo. Halafu zima. Tafuta manga, anzia sura ya 38, humo Yuugo yupo na ndevu zake. Ukimaliza yote ndipo urudi kuitazama sizoni ya pili, na uiangalie kama fundi, ukiwa na kalamu, uandike kila mahali ulipodai kitu ukapewa kitu kingine. Utajifunza zaidi humo kuliko kwangu.

Naona mikono imeshanyanyuka kule nyuma. Nitaanza na dada mwenye daftari la kijani, halafu mzee wetu hapa mbele, maana ametikisa kichwa tangu nilipofika kwenye Wonder Egg na nataka kujua anabisha nini. Mwenye projekta, tuwekee episodi ya pili pale pa saa, tuwe tayari kabla umeme haujakatika.